Kadi ya Nyuso Tano

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima na lile jino limetulia. Mimi sijambo, ila kidole changu cha shahada kimefungwa bandeji, na ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Hapa kliniki ya meno ya watoto, kabla hatujamwambia mtoto afungue kinywa, tunampa kadi yenye nyuso tano, kuanzia unaocheka hadi unaolia. Anagusa ule unaofanana na anavyojisikia, nasi tunaandika namba kwenye fomu. Jana binti wa miaka sita aligusa unaocheka. Nikaandika moja, yaani hana hofu. Kiti kilipoinama tu, akaning'ata hadi damu. Daktari mkuu anasema akirudi akagoma tena, itabidi ashikwe kwa nguvu, na mimi sitaki kabisa.

Wewe umelea watano. Ulijuaje nani anaogopa?

Kitindamimba wako

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, na jino nalo halijambo, usinianze. Nimecheka hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Daktari mzima kung'atwa!

Nyuso zenu nzuri, lakini mtoto hadanganyi kwa miguu. Wewe ukipelekwa kuchomwa sindano ulitangaza njia nzima kwamba huogopi, huku umekunja vidole vya miguu hadi ndara zinakuchomoka. Nikiona hivyo nakupakata kwanza. Na huyo binti, nani alikuwa amesimama nyuma yake? Mtoto aliyefunzwa adabu huchagua uso anaoutaka mamaye.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Umeniokoa. Kumbe mama yake alimwambia njiani asimwaibishe. Safari hii nilimkalisha mama pembeni, nikamvua binti viatu. Vidole vilikuwa vimekunjwa kama ngumi. Nikamwuliza, "Miguu yako ingechagua uso gani?"

Akagusa unaolia. Basi siku hiyo tulihesabu meno tu, yake na yangu. Juzi karudi, jino likatoka, na hakushikwa na mtu. Sasa mkuu ameagiza watoto wote wavue viatu.

Haya, zamu yako. Kaka anasema unatafuna upande mmoja tangu mwaka jana, na shavu limevimba. Kila barua unaniambia hujambo. Naambatisha kadi. Tia alama kwenye uso wako, si ule unaotaka niuone.

Kitindamimba wako

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usidhani barua yako ilipotea. Kadi imekaa kwenye droo wiki kumi na mbili, naitoa, naitazama, naifungia tena. Hii hapa. Nimetia alama kwenye uso wa mwisho.

Nilipokuwa na miaka saba nilishikwa na watu wanne, jino likang'olewa, na aliyenishika kichwa ni mama yangu mwenyewe. Sijawahi kumwambia mtu, hata baba yenu. Naogopa, mwanangu. Naogopa kuliko huyo binti wako.

Kaka yako atanileta Jumatatu. Najua hapo ni kwa watoto, waambie unaleta mtoto mkubwa. Siku ya kwanza tuhesabu tu, yangu na yako. Nitavaa ndara.

Mama yako