Ambreyaje ya Mukono

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu

Kebo imekatika tena. Ya tatu. Tangu asubui niko chini ya gari yangu ya jipu, mugongo ndani ya matope, na kebo ya freni ya baskeli imekatika na kunichapa puani. Nimetukana. Mama Zawadi, jirani yangu, alinisikia toka shamba yake ya viazi na akacheka. Acha acheke.

Kambale alipita. Ni kaka yangu mudogo, lakini tangu wanikate muguu anaongea kama yeye njo mukubwa. «Yaya, dada yangu, uzisha gari. Kaa mu duka, utulize roho.» Gari yenye nilinunua na pesa yangu mwenyewe! Miaka kumi na moja nimeiendesha, toka Karuba mupaka Sake, na maziwa ya hii kilima yote nyuma. Risasi moja imepita mu duka, muguu ya kushoto imebaki hospitali ku Goma, na sasa kila muntu anajua mahali napaswa kukaa. Hapana. Mimi ni chofere.

Shida ni moja tu. Ambreyaje, ile pedali ya kushoto yenye unakanyaga mbele ya kubadilisha vitesi, zile gia. Muguu ya plastiki yenye walinipa haisikie pedali. Inateleza. Basi nitakanyaga na mukono: nitavuta kebo, kebo ivute pedali.

Jumatano, 5 mwezi wa tatu

Papa Paluku amekuja. Alikuwa fundi ku plantasyo ya chai wakati ile plantasyo ingali hai. Sikio moja halisikii tena, mikono bado mizima. Ameleta kebo ya pikipiki. Mara kumi ya kwanza, vizuri sana. Ya kumi na moja imelegea kama mboga ya lengalenga ndani ya sufuria.

Alikaa juu ya jiwe, akavuta tumbako, akasema kebo inavuta, lakini sisi tunatafuta kusukuma. Halafu wote wawili tuliangalia bomba ya maji ya zamani yenye ilikuwa inalala nyuma ya choo.

Jumamosi, 8 mwezi wa tatu

Imeungwa na moto, imefungwa na bulon mbili, zile bolti za chuma. Bomba inasimama kati ya mulango na kiti. Nikiisukuma mbele, chini inasukuma pedali. Rahisi mupaka haya. Mukono ya kushoto ku bomba, mukono ya kuume ku vitesi. Na volani, ule usukani? Volani naishika na kifua. Mungu hakunipa kifua hii bure. Nilimuonyesha Papa Paluku, akageuka haraka, ati anatafuta nyundo.

Nimejaribu hapa kwangu, ndani ya lupango. Nimeangusha jikoni. Ukuta moja tu. Nilikuwa nataka kuijenga upya hata hivyo.

Siku ya Mungu, 9 mwezi wa tatu

Nimeendesha! Toka misa mupaka njia ya Mushaki, na kurudi. Kambale alisimama mbele ya kanisa, mulomo wazi. Nilimupigia honi.

Ijumaa, 14 mwezi wa tatu

Wiki nzima ya nyundo. Tumeongeza vyuma viwili vya resori, zile springi za chini, toka kamyo ya mizigo yenye ilikufa kule Mushaki, na sasa jipu imesimama juu, inaangalia watu na kiburi. Bomba ya moshi tumeipandisha mupaka paa, kusudi maji ya mito isiingie. Nyuma, mbao mupya. Nyororo ya kufunga ku tairi wakati wa matope. Papa Paluku anasema hata wazungu wa plantasyo hawakukuwa na gari kama hii. Anaongopa, lakini anaongopa vizuri.

Jana nilishusha bidoni kumi na nane za maziwa ku Sake. Mama Zawadi alipanda nyuma na maziwa yake. Pa kilima kikali nilisimamisha gari kusudi niondoke tena, watu waone. Bega inaniuma kama jino. Ni furaha tu.

Hakuna muntu mwingine duniani anaweza kuendesha hii gari. Naandika tena: hakuna.

Habari mbaya pia iko. Wenye silaha wameshuka toka porini. Wameweka bariere ya magogo na askari pa njia ya Sake na ingine pa njia ya mashamba.

Jumatatu, 17 mwezi wa tatu

Wamekuja kukamata gari. Chofere wao, kijana na miwani ya jua, na watatu wenye bunduki. Ati komanda, mukubwa wao, anahitaji gari. Nilitoa ufunguo na kurudi pembeni.

Kijana akapanda. Akatafuta pedali na muguu: imefungwa ku bomba, nzito, haiingii vizuri. Akashika bomba, akaachilia volani. Akashika volani, akaachilia bomba. Jipu ikaruka kama mbuzi, ikaingia mu migomba na kuzima. Mara ine! Mara ya tano miwani ikaanguka. Watu walikuwa wameshajaa pa njia, na mimi nilicheka mupaka machozi. Waliondoka na miguu.

Haki ya Mungu, leo nimekula vizuri.

Jumanne, 18 mwezi wa tatu

Nilicheka mapema.

Komanda amekuja mwenyewe. Sauti ya chini, heshima mingi, Mama hapa, Mama pale. Alizunguka gari, akashika bomba, akasifu kazi ya fundi. Halafu: «Basi, Mama, utaendesha wewe.» Ijumaa asubui. Kwanza mizigo yake mupaka Walikale, halafu Omate, kule wanachimba madini. Nikauliza ni siku ngapi. Akasema tutaona.

Najua ile «tutaona». Kuna machofere walikwenda nayo, na wake zao bado wanaangalia njia.

Hakuacha hata mulinzi hapa. Gari haitembei bila mimi, mimi sitembei mbali bila gari, na bariere iko pande zote mbili. Alihesabu vizuri. Mimi njo nilihesabu vibaya. Nilijenga kitu yenye inanijua mimi peke yangu, na nikazunguka nikijisifu juu yake. Mujinga mukubwa. Leo niko na woga na sioni haya kuandika.

Jumatano, 19 mwezi wa tatu

Kambale amekuja na akili yake. «Yaya, toa bomba. Rudisha pedali. Waende na gari, wakuache wewe.» Alikuwa analia, lazima niandike hii pia. Si muntu mubaya.

Nilifikiri mupaka saa sita. Nikitoa bomba, wanakamata gari. Nikiacha bomba, wananikamata mimi. Nikazunguka hapo kama kuku yenye kufungwa kamba. Halafu hasira ikapanda. Sababu gani nichague? Hawatapata gari, na hawatanipata mimi. Nilimuita Papa Paluku ku sikio lake zuri: leta funguo zote za kufungulia bulon.

Tumefungua mupaka usiku. Magurudumu. Radiatere. Boti ya vitesi, lile sanduku la gia. Volani. Kila bulon ndani ya kikopo. Mama Zawadi alikuja kuuliza kelele ni ya nini, akaangalia, akaenda. Alirudi na wamama kumi na wawili na vitunga.

Alhamisi, 20 mwezi wa tatu

Naandika haraka.

Asubui wamama wanapeleka mbolea ku mashamba, kila siku yenye Mungu aliumba, kitunga mugongoni na kamba pa paji la uso. Leo pia. Chini chuma, juu mavi ya ngombe, mupya, yenye moshi. Askari wa bariere walishika pua na kuwapitisha. Mama Zawadi alibeba boti ya vitesi peke yake. Shingo yake ilikuwa imesimama kama nguzo. Aliwasalimia hata.

Motere, injini yenyewe, njo ilikuwa shida. Haiingie mu kitunga. Tulitoa kichwa yake na kila kitu yenye inatoka, tukaiweka juu ya kipoyi, kile kitanda ya mianzi tunabebea wagonjwa, tukaifunika blanketi yangu nzuri na kuweka mutungi wa uji pembeni. Wanaume sita, na Kambale mbele. Ndiyo, Kambale. Mimi nyuma na fimbo yangu, nikilia kama mama ya mugonjwa. Sikujikaza sana. Machozi ilikuwa karibu.

Pa bariere askari akasema mugonjwa huyu ni nzito. Kambale akajibu alikula vizuri mbele vita haijaanza. Nilitaka kumupiga na fimbo. Halafu askari akaangalia chini. Mafuta ilikuwa inatoka. Nyeusi, tone tone, juu ya majani. Nikasema mu roho, basi, imeisha.

Mama Zawadi alikuwa anarudi toka shamba na kitunga yake tupu. Aliona. Akafika mbio, akasimama mbele ya ule kijana, mikono pa kiuno: «Ni mama ya kuzaa. Mutoto alikufa ndani, damu imeoza. Unataka kufunua? Funua!» Kijana akarudi nyuma hatua tatu, akafanya ishara ya musalaba. Tulipita.

Nyuma ya kilima tulitua kipoyi. Hakuna mwenye alicheka. Kambale alivua shati yake, akaziba pale mafuta ilikuwa inatoka.

Yenye imebaki kwangu: mifupa ya chini ya gari na sanduku ya juu, juu ya mawe ine. Na bomba yangu imesimama kati. Papa Paluku nimemutuma kwa binti yake, mbali. Mimi siendi popote. Nitakaa pa kiti changu niwangoje.

Jumanne, 25 mwezi wa tatu

Siku ine mu nyumba yao ya kufungia watu. Nimetoka leo.

Ijumaa komanda aliangalia ile mifupa muda murefu. Akauliza gari iko wapi. Nikasema njo hii. Akauliza ingine iko wapi. Nikasema nimeuzisha, sikumbuki nani, niko mama mugonjwa. Heshima yake ilikwisha pale pale. Walinipiga, mugongo na mikono. Majina sikutoa. Waliuliza, waliuliza, nikawa nahesabu mafungu ya rozari, na nikichoka na rozari, nahesabu bulon.

Kisha wakaona sina faida. Komanda akasema gari yangu haina magurudumu, na mimi nitakuwa vile vile. Wakakamata muguu ya plastiki. Nimerudi kwetu juu ya kipoyi, safari hii mugonjwa wa kweli. Sitaficha: pale njo nililia.

Ilikuwa inaniuma hata hivyo, ule muguu wa plastiki.

Jumatano, 23 mwezi wa ine

Wenye silaha wamehama. Wamesukumwa upande wa Walikale, watu wa kule Mungu awasaidie. Bariere ni magogo tu sasa, na mengine yameshaingia mu moto ya jikoni.

Gari inarudi. Kila asubui mama mumoja na kitunga. Radiatere ilikuwa chini ya kitanda ya muntu, kule nyuma ya kilima. Gurudumu moja ndani ya shimo ya viazi, ingine walikuwa wanaikalia jikoni kama kiti. Wananiita toka mbali: «Mama Kavira, karburatere yako imelala vizuri!» Wanajua majina yote. Batri haikurudi. Mwenye kuibeba alikimbilia Buleusa na watoto, na alifanya vizuri. Kambale ametafuta ingine bila mimi kumulomba.

Siku ya Mungu, 27 mwezi wa ine

Gari imewaka kisha ya misa. Moshi mweusi mupaka juu ya bendera ya shule. Papa Paluku aliweka sikio lake zuri karibu ya motere, akaitika na kichwa.

Nilipanda. Bila muguu ya plastiki, bomba bado ni ile ile, haiulize muguu. Nilizungusha gari mara moja ndani ya lupango na kuzima.

Mama Zawadi alikuwa anapangusa mulango na leso yake. Alibeba boti ya vitesi na shingo yake, kwenda na kurudi, na hajawahi kukaa pa volani hata siku moja. Nilimuita. Nikamuambia kaa hapa, mukono ya kushoto weka pale. Akasema aah, Mama Kavira, mimi niko na miguu miwili, na pedali je? Nikasema pedali hapana. Utajifunza na bomba. Wakinikamata tena, maziwa itashuka na wewe. Akaangalia kifua yake, ni mwembamba, akauliza volani ataishika na nini. Nikasema na magoti, na kidevu, sijui, tafuta yako.

Kambale anasema nimepata wazimu. Na azoee.

Jumatano, 7 mwezi wa tano

Mvua ndogo asubui. Bidoni kumi na mbili. Mama Zawadi pa volani, mimi pembeni yake, mara ya kwanza ndani ya hii gari naona njia toka upande ule. Kuna mito midogo kule sikuijua.

Amezima motere mara tatu pa kupanda Mushaki. Maziwa imemwagika. Alinitupia jicho kila mara, na kila mara niliangalia inje, ku milima. Pa kilima kikali alisukuma bomba, akakanyaga gaz, akaachilia pole pole. Ikashika, gari ikapanda.

Tumefika Sake saa ine. Pale njo nilimuambia: kurudi pia, ni wewe.