Insha ya Mama wa Kuazima

Jumanne, Magongo

Nimechoka na insha za kunakili. Hii ya leo ni ya Kadzo, mwanakwaya wa kanisani, ati mamake huamka alfajiri kuswali, kisha humkaangia mahamri. Neno kwa neno ni ya Mwanaisha, anayeketi naye dawati moja!

Nikamwita mbele ya darasa, hasira zimenijaa.

"Kadzo!"

"Abee, mwalimu."

"Mama yako ameanza lini kuswali alfajiri?"

Darasa zima likacheka. Yeye akainamisha kichwa.

"Mama alifariki nikiwa mchanga, mwalimu. Simkumbuki. Nikaona huyu wa Mwanaisha ni mzuri."

Kicheko kikakatika. Na mada niliitoa mimi, "Mama Yangu", bila hata kuuliza...

Kalamu nyekundu ninayo mkononi, na sijui nikate mstari upi.