Kahawa ya Nagwa

Inas, uko?

Leo darasani Mwalimu Soheir alitaka kila mtu aje na kitu, aeleze kwa Kiingereza amefanya nini. Tunajifunza wakati timilifu: jambo limeshatendeka, lakini matokeo yake tunayaona mezani. Mimi nikasema nimeoka biskuti. Nagwa akaja na chupa ya kahawa.

Nagwa yule yule anayesoma ili apate viza amfuate mumewe Wagdi Ayalandi.

Akatumiminia wote. Nikaonja. Chungu. Nikacheka, Inas, mimi wa kwanza. "We Nagwa, sukari yote umempelekea Wagdi?" Darasa zima likacheka. Nikatoa sukari mkobani, nikakoroga.

Mwalimu hakucheka. Alikitazama kikombe, akauliza polepole, "Nagwa, mwanangu, umefiwa?"

Kwetu kahawa isiyo na sukari tunainywea wapi kama si matangani? Niliinywa ya baba yangu mzazi. Na bado sikuelewa.

Nagwa akasimama, akasema kwa Kiingereza, "Mume wangu amefariki." Bila kosa hata moja. Miezi sita sentensi za namna hiyo zimemshinda, leo kaisema bila kosa.

Kisha akanigeukia, kwa lugha yetu. "Jana. Nyumbani sijamwambia mtu, mama yake Wagdi ana ugonjwa wa moyo. Nilitaka nimkalie matanga hata saa moja."

Na mimi kahawa yake ya msiba nilishaitia sukari, Inas. Vijiko viwili.