Kwa Asekenye, Aliyekandika Nyumba za Marehemu wa Mtaa wa Washonaji

Mama Ikwap, mwaka mzima umepita sasa tangu tulipokuzika kule kijijini Mukuju, na baraza lako hapa Tororo likanyamaza.

Ulikuwa mtu wa kuamka mapema na kuimba vibaya. Ulishona sare za watoto wa nusu ya mji, na mtoto aliyekuja akilia hakuondoka bila kiazi mkononi.

Mtaa wetu ulikuwa wa watu wa kila namna. Alikuwako Ekaju, fundi viatu, aliyekufa kwa kifua. Alikuwako Loy wa Busia, muuza samaki, aliyejibu matusi kwa Kisamia ili asieleweke. Walipofariki, nyumba zao ziliachwa zianguke zenyewe. Ndiyo desturi yetu: nyumba ya marehemu haiguswi, kwa heshima yake.

Kisha mzungu aliyesimamia mji akapita, akaona kuta zilizobomoka. Akasema mtaa usipotengenezwa kabla ya Pasaka utavunjwa wote, nasi tuhamishiwe ng'ambo ya reli.

Wengine wakaanza kufunga mizigo. Wewe ukakanyaga udongo, ukachanganya na mavi ya ng'ombe, ukaanza kukandika nyumba ya Ekaju.

Jirani yetu Owor akasimama kukucheka. "Mama Ikwap, unamtengenezea marehemu? Kwani amesema anarudi lini?"

"Harudi, shemeji. Na wewe ukishahamishwa, utarudi lini?"

"Lakini desturi..."

"Heshima yenu ndiyo inayotuvunjia mtaa. Shika ndoo, acha kunitazama miguu!"

Watu wakaangua kicheko. Owor akashika ndoo, na wengine wakamfuata. Pasaka ilitukuta mikono imepasuka na mtaa umesimama.

Ulipotutoka, wazee wa ukoo walimjia mumeo. Wakamtaka aiache nyumba yako, ile uliyokuwa ukishonea, ianguke kama inavyopasa. Aliwapa chai, akawasikiliza hadi mwisho, akawasindikiza hadi barabarani.

Jumamosi iliyopita tuliikandika, ndani na nje. Mwanao Acen alichora ua jekundu juu ya mlango. Limepinda; ungemcheka. Cherehani anaitumia yeye sasa, na wateja wako wamerudi. Nyumba hii haitaanguka sisi tukiwa hai.

Wanaokukumbuka ni mumeo Odeke, wanao Ikwap na Acen, dada yako Akwi, Owor, na mtaa mzima.

Tutakukumbuka siku zetu zote, na mlango wako utafunguliwa kila asubuhi.