Divai ya Chakula cha Jioni

Kihesa, Iringa
Julai 14

Mwanangu mpendwa Sarah,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwenu huko Chimala. Nasadiki barua hii itawakuta salama wewe, mume wako Seni na wajukuu wangu Kulwa na Doto, na kwamba kikohozi cha Doto kimetulia. Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamikia baridi ya mwezi huu. Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kupiga simu. Juzi ulilia kwenye simu, na mtu wa umri wangu hujieleza vizuri zaidi akiwa na kalamu.

Uliniambia kuwa shangazi yako Benedicta amekupasha habari kwamba baba yako amekuwa mlevi, ameonekana akiingia duka hadi duka, kutoka hapa Kihesa mpaka Ipogolo, na chupa kikapuni. Ukanisihi niihame nyumba hii nije kwenu, ambako kileo hakivuki mlango, nami nikakataa. Najua ulielewa kuwa nimeichagua chupa. Shangazi yako hakusema uongo; kweli nilionekana. Lakini naomba unisikilize, ndipo uhukumu.

Unakumbuka kwamba marehemu mama yako Yusta nami tulikuwa na desturi ya glasi moja moja ya divai nyekundu kwenye chakula cha jioni. Nilijifunza kwa mapadre nilipokuwa karani wa misheni, mama yako akaipenda kunizidi. Haikuwa divai ya sherehe. Ilikuwa ya kuteremshia ugali na maharage, ya bei ambayo pensheni iliimudu bila kulalamika. Yeye ndiye aliyeinunua, na yeye ndiye aliyeionja kwanza, kama mwenyeji anavyoonja ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kabla ya kumpa mgeni. Asipoipenda, tuliitumia kupikia nyama. Hivyo miaka yote ile sikuwahi hata kujua jina la nilichokunywa.

Baada ya msiba nilinunua chupa ya kwanza mimi mwenyewe. Ilikuwa kali, ikanikausha ulimi, nikadhani nimeuziwa iliyoharibika. Nikajaribu ya boksi, nayo ikawa kama maji yaliyosuuziwa sufuria. Nikajaribu ile tamu wanayoipenda vijana, nikahisi nimekunywa dawa ya kifua. Nilijinyima hata nikanunua ya Afrika Kusini, na hiyo pia ikawa chungu. Jailos, mwenye duka kule Ipogolo, alinitania kwamba mimi ni mkaguzi wa serikali nisiye na kitambulisho, na kwamba chupa zake zikiniona zinajificha nyuma ya soda. Hizo ndizo safari alizoziona shangazi yako. Sehemu kubwa ya divai ile niliimwaga kwenye mgomba.

Wiki iliyopita nilirudi kwa Jailos na chupa ya bei ya chini kuliko zote, niliyoionja jana yake, ili nilalamike kwa adabu. Nikamkuta yeye na mkewe Mercy nyuma ya kaunta wakila ugali na maharage. Wakanikaribisha. Nikashukuru, nikasema nimeshiba. Mercy akasogeza kigoda.

“Baba, kaa kwanza ule. Chupa haina miguu.”

Nikanawa, nikala. Jailos, kwa utani wake, akanimiminia kwenye kikombe cha chai divai ileile niliyokuja kuilalamikia. Sarah, ilikuwa nzuri. Ilikuwa ile ya mama yako, au ndugu yake wa karibu. Nililia mbele ya watu wale mpaka Mercy akaenda kurudishia mlango wa duka.

Sasa niseme lile ninaloliona aibu. Tangu tumzike mama yako sijala chakula cha jioni humu nyumbani. Kupika sijui, na majirani wakiniuliza huwaambia nimekwisha kula. Divai zote nilizozilaumu nilizinywa kwa tumbo tupu, nikitazama ukuta.

Wala si chupa iliyonifanya nikatae kuja kwenu. Nilipowatembelea Pasaka hii mliniheshimu kama mkwe anavyoheshimiwa kwa akina Masanja, wazee wa mume wako. Niliandaliwa sebuleni peke yangu, kuku mzima na wali mweupe wa Usangu, nanyi nyote mkala uani. Niliwasikia watoto wakicheka. Nilikula matonge machache, nikafunika sahani, nikakuambia chakula kilikuwa kingi mno. Nilisema uongo, mwanangu. Nilihofu kwamba kila jioni ya maisha yangu itakuwa hivyo.

Nitakuja, nawe ukiniruhusu. Sitaleta kileo. Nakuomba tu umwombe Seni, naye amwombe mzee wake Masanja, anisamehe kwa kuikataa heshima yao. Mkipakua, nisiandaliwe sebuleni. Nipeni nafasi mkekani pamoja nanyi, hata kama ni upande wa watoto.

Wasalimie wote wa hapo, na Mungu awalinde hadi tuonane.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Sosthenes Kikoti