Kivuli Usoni mwa Samiha

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Umeme umerudi, nimeanza albamu ya harusi ya kina Hilal, yule mwenye duka la vyombo vya Dubai hapa Chumbageni. Dada yake ndiye aliyeolewa. Picha za barazani zote giza — flashi ilimgomea Mzee Massoud, bosi wangu. Kuzing'arisha ni kazi yangu. Kompyuta nzito, lakini raha. Nasogeza mausi, uso unatoka gizani taratibu. Umanjano nimepunguza, kanzu zimekuwa nyeupe.

Jumanne, 5 Agosti
Picha ya Samiha, mke wa Hilal. Kakaa pembeni, mtandio umeshuka mpaka nyusi. Nikaongeza mwanga. Chini ya jicho — bluu. Nikadhani rangi imeharibika. Nikakuza. Jicho limevimba, shavuni alama za vidole.
Nikamwita Mzee. Kainama kuangalia. Kisha: futa, mwanangu, hii albamu ya harusi. Au irudishe giza lake.
Sifuti. Brashi ya kufutia ipo humu kwenye kompyuta, kazi ya dakika mbili. Chunusi za mji mzima nimezifuta mimi. Hii si chunusi.

Jumatano, 6 Agosti
Hilal kaja kuangalia kazi. Kaiona. Kauliza nani kanituma kutia mwanga pale. Eti mkewe aliteleza, akagonga ndoo.
"Ndoo haina vidole," nikamwambia.
Mzee kanikanyaga mguu chini ya meza. Hilal anataka albamu safi Jumamosi, la sivyo ukoo wao wote utahamia studio nyingine. Alipoondoka Mzee kanisihi: tangu apunguzwe kazi kiwandani, hapa ndipo anapokula. Najua. Na mimi nakula hapahapa. Sifuti.

Alhamisi, 7 Agosti
Lakini uso si wangu. Nani kaniruhusu kuuanika? Nimempa Semeni, anayemsuka Samiha, ujumbe: aje aone mwenyewe. Picha nimeiweka kwenye diski ya flopi isije ikafutwa, nimeifunga kwenye pindo la khanga.

Jumamosi, 9 Agosti
Samiha kaja kwa mlango wa nyuma, na shangazi yake wa Kigombe. Hilal keshafika, yuko mbele anakunywa soda na Mzee.
Nimemkalisha kwenye kiti changu. Nikamwonyesha zote mbili, ya giza na ya mwanga. Nikamwambia: uso ni wako, uamue wewe.
Kaangalia sana. Shangazi analia kwa sauti ya chini.
"Baba anasema nazua," Samiha kasema. "Kila nikienda kwake ananirudisha kwa mume wangu."
Kagusa kioo cha kompyuta, pale shavuni.
"Ongeza kidogo tena, dada. Macho ya baba hayaoni vizuri."
Nimeongeza. Printa inavuta karatasi polepole, naandika nikiwa nimesimama. Kwenye karatasi mtandio umeshatoka. Nyusi zimetoka.
Mzee anaita kutoka mbele: Rahila, albamu tayari?
Naangalia printa. Kiti kimeburuzwa huko, viatu vya Hilal vinakuja. Shangazi kasimama mlangoni. Samiha hajainuka, anatazama karatasi — sasa linatoka jicho lililovimba.