Kurasa Mbili za Malkia

Chumba namba tisa,
Bweni la Wasahihishaji.
Jumapili, 12 Desemba.

Mpendwa Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na wale mapacha wenu. Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakibembeleza kwa chai tu, maana hospitali na wewe ni maadui wa tangu utotoni? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha, na kwako sitaficha.

Usishangae kupata barua ya mkono. Simu zetu zilifungiwa kabatini siku ya kwanza. Tuko walimu arobaini, tunasahihisha mtihani wa fasihi ya Kiingereza, na getini kuna mlinzi. Hatoki mtu mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe. Barua hii nitaiposti nikitoka.

Unakikumbuka kile kitabu cha tamthilia nilichokuja nacho nyumbani mwaka wangu wa kwanza wa kazi? Kilikuwa kimoja shule nzima. Ulikuwa na miaka sita, ukachana kurasa mbili ukatengenezea tiara ya kurusha. Mama alikutandika, mimi nikacheka. Ningejua yajayo nisingecheka.

Ni mchezo wa malkia aliyepoteza pete ya mfalme, akamsingizia mtumishi wake kwamba ameiiba. Kurasa ulizochana ndimo malkia na mtumishi wanamokutana mwishoni. Kesho yake nilikuwa na kipindi, na niliona haya kumwambia mkuu wa shule kwamba kitabu kimeharibika. Nikatunga. Niliwaambia wanafunzi kuwa malkia alipiga magoti mbele ya watu, akamwomba mtumishi msamaha. Na nilifundisha, Kitinda! Wasichana walipiga mahadhi ya mashairi ya mchezo kwa viganja juu ya madawati, na wawili walilia.

Notisi zangu zikapendwa. Kitabu chenyewe kiliadimika, kwa hiyo zikatolewa kopi shule hadi shule. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea miaka ishirini na moja, na mwaka huu imeingia kwenye mwongozo wa kusahihishia. Swali la nne, alama ishirini: eleza jinsi malkia anavyotubu.

Sasa nina mwanafunzi tunayemwita Bi Maswali. Mjomba wake alimpatia kitabu kizima, sijui alikitoa wapi. Alisimama darasani akasoma ukurasa wenyewe: malkia ananyamaza, mtumishi anafukuzwa, basi. Darasa zima likanitazama. Nikamwambia hilo ni toleo lingine, akae, afuate notisi. Akakaa. Hakuuliza swali tena mpaka muhula ukaisha, na hilo linaniuma mpaka leo.

Juzi bahasha ya shule yetu ilipotea njia ikaja mezani kwangu. Karatasi zina namba tu, lakini mwandiko wake naujua. Kwenye swali la nne ameandika kwamba malkia hakutubu. Alinyamaza, na mwingine akaadhibiwa. Mwongozo unasema sifuri, na kwa sifuri hiyo chuo kikuu atakisikia kwa majirani.

Nilimwendea msimamizi wetu nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama jibu jingine laweza kukubaliwa. Alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, mwongozo huu umetoka kwenye notisi zako. Unataka kuniambia nini?"

Nikasema sina neno. Nikisema, heshima yangu yote imekwenda, na pengine kazi. Nisiposema, mtoto wa watu anaangamia kwa kusema kweli. Nilirudi mezani, sikuweza kuandika sifuri na sikuthubutu kuandika ishirini. Nikaikunja ile karatasi nikaitia ndani ya blauzi.

Jana hesabu ikapungua moja. Magari yaliyokuja kutuchukua yamerudi matupu. Mwenzangu wa chumbani amekaa kitandani na viatu miguuni. Harusi ya mjukuu wake ni leo. Ananiuliza mimi, eti nadhani ni nani. Naogopa, Kitinda. Sijawahi kuogopa hivi.

Na asubuhi hii wamemwita mama anayefagia ukumbi tunamosahihishia. Wanasema ndiye pekee aliyebaki mle ndani sisi tulipokwenda kula. Wamemwambia arudishe ufagio, asije tena. Dirisha langu linatazama ukumbi, namsikia anaapa kwa watoto wake.

Karatasi iko hapa, chini ya hii ninayokuandikia. Nimeshaiandikia ishirini kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika kwamba aliyekosea ni mwalimu, nikatia jina langu. Naishia hapa niipeleke, kwa sababu mama yule anavuliwa aproni.

Nisalimie wote kwa majina yao, nawe Mungu akuwekee mkono wake. Wala usijilaumu kwa ile tiara. Iliruka juu sana, nakumbuka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.